Kilicho Chini ya Sakafu

Fundi aligonga bati kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama daktari apimaye kifua cha mtoto. Likalia vizuri. Akagonga tena, chini kidogo, karibu na gurudumu. Hapo halikulia, lilitoa kishindo kizito cha kitu kilicholoa. "Yakhe," akaniambia, "hii ngozi haina neno. Mgonjwa yuko chini."

Mgonjwa ni trela la kulala, la alumini, aina ile ambayo Wazungu huifunga nyuma ya gari wakaenda nayo likizo: kitanda, kabati, jiko dogo, madirisha yenye pembe za mviringo. Dada yangu mkubwa alilinunua Kisauni, lilikokaa chini ya mwembe miaka mingi hata kuku wakazaliana humo vizazi kwa vizazi. Lilifikaje pale ni kisa kinachobadilika kila kikipata msimulizi mpya. Kibandiko cha mtengenezaji hakipo. Dada hayo hayamshughulishi. Anataka kuuzia humo viazi karai, bajia, na asubuhi mbaazi kwa mahamri, upande wetu wa Likoni. Mimi alinichukua hadi gereji ya fundi, Changamwe, nikamsaidie kupatana bei, kazi nisiyoiweza, na toka siku hiyo nimekuwa nikivuka feri kila Jumamosi na kupanda matatu ya kupitia Makupa kwa sababu ambayo haihusiani na bei hata kidogo.

Tulikwenda na mpango wetu. Msasa, fila kwenye mashimo, rangi mbili, basi. Fundi alitusikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, kisha akamgeukia dada. "Mama, nikikupakia fila hapa utapendeza Idi moja." Akasema kazi ya haki ni kuinyanyua bodi yote, kuiweka kando, na kuanza na chasisi. Dada akauliza itagharimu kiasi gani. Alipotajiwa alinyamaza kwa muda, kisha akafungua pochi na kutoa arubuni bila ya kuniangalia.

Trela la namna hii ni ndoa ya vitu vitatu visivyopatana. Chini kuna chasisi ya chuma. Juu yake hulazwa sakafu ya plaiwudi. Juu ya sakafu hukalishwa bodi ya alumini, mbavu zikiwa ndani na bati likiwa nje, vikashikana kwa ribiti, na bolti hupenya mbao mpaka kwenye chuma. Maji ya mvua huingilia juu, kwenye kiungo cha dirisha au tundu la ribiti iliyolegea, yakateremka kimya ndani ya ukuta mpaka ukingo wa sakafu, yakatuama. Mbao hulewa maji. Mbao iliyolewa hukikumbatia chuma usiku na mchana, nacho hushika kutu. Na mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi hutokea jambo la tatu: metali mbili zikitiwa maji ya chumvi zimekuwa betri, na katika betri hiyo inayoliwa ni alumini. Wala huku kwetu si lazima trela limwagikiwe na maji ya bahari. Upepo wa kusi unatosha.

Kwa nje usingejua. Alumini haichakai kama chuma kwa sababu mara tu inapokutana na hewa hujifunika utando mwembamba, mgumu, unaoikinga. Utando huo ni mkaidi kuliko mwili unaoufunika. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, lakini utando wake haulegei mpaka zipite 2,000. Ndiyo maana mchomeleaji wa kawaida, hodari wa mageti na madirisha, akijaribu kuichomelea alumini kwa mashine yake ileile huaibika. Analiona bati limesimama vilevile, hana habari kwamba ndani limekwisha kuwa uji, halafu ghafla lote linamdondokea miguuni. Nilipoelezwa hayo niliwakumbuka watu fulani. Baadaye, kwenye feri, nikajikumbuka na mimi.

Jumamosi ya tatu bodi ikanyanyuliwa. Siku iliyotangulia fundi aliimaliza yote kusimamisha mihimili ya mbao ndani, miwili miwili imepishana kama mkasi, kabla ya kukata hata bolti moja. Niliona ni kupoteza wakati, mpaka nilipokumbuka Beit el Ajaib ya Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile iliporomoka likiwa mikononi mwa mafundi wanaolikarabati, na watu wakafa. Kitu kizee huwa kimepata njia yake ya kusimama, pengine njia mbaya, kwa kuegemea mahali pasipostahili kuegemewa. Ukiondoa ubovu bila kujua ubovu huo umebeba nini, unaweza kuondoa kilichokuwa kikikishikilia.

Bodi tupu ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Waliibeba vijana wa gereji za jirani pamoja na hamali mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni wa maji, wakaiweka juu ya madumu. Tukainama kutazama kilichobaki. Kijiko cha chai. Viota viwili vya panya. Maganda ya mayai. Plaiwudi iliyokuwa ukingoni ilikuwa imegeuka kitu cha kuzoa kwa koleo. Fundi akaichukua bisibisi akaisukuma kwenye boriti ya kushoto ya chasisi, ile inayobeba nusu ya uzito wote, na bisibisi ikapita ikatokea upande wa pili. Dada akasema, "Na mimi ningetia humu mitungi ya gesi."

Tumelelewa na methali ya kuziba ufa. Sijaacha kuiamini, ila siku ile niliuona mgongo wake. Trela hili lilikuwa limezibwa sana. Palikuwa na silikoni nyeupe juu ya silikoni nyeusi, lami juu ya zote mbili, kiraka cha debe, gundi ya aina nisiyoijua, na rangi ya kufunika aibu. Kila aliyelimiliki aliitii methali, na kila kiraka kiliyafungia maji ndani yasipate pa kutokea. Waliziba kwa bidii mpaka sakafu ikaoza. Kuna kuziba kunakoponya na kuna kuziba kunakoficha, na kwa nje hufanana kama pacha. Mwenyewe anayeziba hawezi kuapa ni kupi alikokufanya.

Hali kadhalika lile neno letu la kujifariji, kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Chini ya sakafu ile yaliyopita ndiyo yaliyokuwa ndwele hasa. Lakini nalipenda hilo tugange. Kuganga kwa wazee wetu kulikuwa kutibu, na pia kulikuwa kuunga kilichovunjika, kukifunga pamoja kishikane. Siku hizi mganga amebakiwa na dawa peke yake, na huku kuunga kumehamia Changamwe kukapewa grenda na jenereta. Sisi watu wa Likoni tungestahili kulielewa jambo hili kuliko wengine. Feri moja ikitolewa majini kwenda kukarabatiwa, foleni hurefuka nasi hulaani kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho. Hatulaani rangi inapobambuka. Tunalaani siku ile tu wanapokwenda kuliangalia tumbo lake, lililo chini ya maji, linalotuvusha kila asubuhi na ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona.

Ugomvi wetu wa kweli, hata hivyo, ulikuwa wa dirisha.

Dada alikuja na chaki akachora mstatili mkubwa ubavuni mwa bodi. Hapo ndipo atakapouzia: pakatwe, patiwe kifuniko cha kufunguka kwenda juu kiwe pia kivuli cha wateja. Nikasema hapana. Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za matrela haya, nikavimba nazo. Nilijua kwamba mwaka 1934 Mmarekani Hawley Bowlus, aliyesimamia uundaji wa Spirit of St. Louis, ndege iliyomvusha Charles Lindbergh Atlantiki peke yake mwaka 1927, aliunda trela kwa ufundi uleule wa ndege. Nilijua kwamba mwaka 1936 Wally Byam alitoa la kwake, Clipper, chini ya jina la Airstream. Na kubwa zaidi nililopenda kulisimulia: mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town, wakapita Kenya, wakapita Ethiopia, wakafika Cairo mwaka 1960. Ngozi hii ya kung'aa kama samaki imewahi kuzijua barabara zetu za vumbi. Leo kwao wapo wanaoyafufua matrela hayo wakatafuta taa ileile, kitasa kilekile, hata kitambaa cha pazia kilichofanana na cha mwaka lilipotoka kiwandani. Letu si Airstream, nilikiri, lakini ni ukoo. Nikamwambia dada: ukikata hapo utaiua asili yake.

Akaniuliza, "Asili yake ni ipi? Kukaa na kuku?"

Sikuwa na jibu, na sina uhakika kama leo ninalo. Neno asili kwetu limebeba mizigo mingi: chanzo cha kitu, na tabia yake isiyobadilika, na ukoo aliotoka mtu. Mimi nilikuwa nalitumia kwa maana ya sura, sura ya siku moja tu, siku ambayo sikuwepo, katika nchi ambayo sijafika. Nilitaka trela libaki kumbukumbu ya likizo za watu wengine. Dada alitaka lifanye kazi. Na kusema kweli, mji huu wote umejengwa juu ya jibu la dada. Kilindini hushusha magari yaliyotumika Japani miaka saba au minane, na hakuna anayeuliza yalikuwaje kule. Huulizwa yatabeba watu wangapi. Hata hivyo kuna kitu katika jibu hilo kinachonitia wasiwasi, kwa sababu ndilo jibu lililowapa matapeli ruhusa ya kukata chochote popote.

Fundi hakuegemea upande wowote. Aliisogelea ile chaki, akagonga bati kwa kidole, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, akisikiliza. Kisha akaufuta mstari wa dada kwa mkono wa shati lake, akachora mwingine, shibiri moja na nusu upande wa kushoto, mfupi kwa kimo. "Hapa kata," akasema. "Pale pamebeba."

Akatueleza. Kwenye basi la kawaida bati ni nguo: fremu ya chuma imesimama yenyewe, ukilivua bati basi halianguki. Kwenye ufundi huu wa ndege ngozi nayo inabeba. Uzito hauna nguzo moja. Hupita katika mbavu, ukaenea katika bati, ukahama kutoka ribiti hadi ribiti mpaka ukafika chini. Ukikata bila kuuliza, mwezi wa kwanza utaona mlango haufungiki, wa pili kioo kinapasuka chenyewe. Ukikata kati ya mbavu na mbavu, ukauzungushia mwanya fremu yake, uzito utauzunguka na kuendelea na safari. Dirisha la dada litakuwepo. Halitakuwa pale alipolitaka, wala kwa kimo alichokitaka.

Tangu hapo nimekuwa nikiliwaza neno lile upya. Sidhani tena kwamba asili ya kitu ni sura yake ya siku ya kwanza. Sikubali pia kwamba kitu hakina asili, kwamba ni cha yeyote aliye na chaki. Nikilazimishwa kusema, nitasema asili ya kitu ni namna kinavyobeba. Trela hili laweza kuwa jiko, laweza kuwa duka la simu, laweza kupakwa rangi ya zambarau, likabaki lilelile, mradi anayelibadilisha ameuliza kwanza uzito unapita wapi. Na laweza kubakiwa na kila kitasa chake cha zamani huku boriti iliyo chini haizuii hata bisibisi, likawa limekufa siku nyingi. Nadhani hivyo hivyo huwa kwa ndoa, na kwa lugha, na kwa mji huu wetu ambao kila baada ya miaka michache huja mtu na chaki. Lakini hayo ni makubwa. Nirudi kwenye gereji.

Serikali ina jibu lake kuhusu asili, na ni fupi. Trela nchini Kenya husajiliwa peke yake, kibao chake huanza na herufi Z, na kinacholitambulisha ni namba iliyogongwa kwenye chasisi. Yetu tuliipata chini ya kutu, mbele, karibu na shingo ya kuvutia, nusu imeliwa lakini inasomeka. Boriti zote mbili zilikuwa za kukatwa. Fundi akazikata, akachomelea mpya, akakiacha kile kipande cha mbele chenye namba, kisichozidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Hivyo kwa sheria ni trela lilelile. Kama kutu ingekuwa imeanzia mbele badala ya nyuma, bodi ileile, madirisha yaleyale, harufu ileile ya kuku, lingekuwa trela jingine.

Wagiriki walilitatizikia jambo hili zamani. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliitunza merikebu ya Theseus kwa kuubadilisha kila ubao ulipooza, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: ni ileile, si ileile. Sisi tulikuwa na mtepe, chombo kisichotiwa misumari, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za usumba. Kamba huoza. Mtepe ulioishi miaka mingi ulikuwa mtepe ulioshonwa tena na tena, na sidhani kama kuna nahodha aliyeshuka pwani akauliza kama ndio uleule. Alitazama kama unavuja. Karne nyingi baada ya Plutarch, Mwingereza Thomas Hobbes aliuongezea mkia mfano ule: je, mtu akiziokota zile mbao mbovu moja moja akaziunda merikebu ya pili, ipi ndiyo ya Theseus? Swali zuri, ila Hobbes hakuwahi kufika Changamwe. Boriti zetu mbovu zilikuwa hazijapoa alipotokea kijana wa chuma chakavu na mizani yake. Kwa miezi michache mwaka 2022, serikali ilipoipiga marufuku biashara hiyo, merikebu ya pili ya Theseus ingeweza kulundikana nyuma ya gereji. Siku hizi huenda tanuruni jioni ileile.

Kati ya chasisi mpya na bodi fundi ametandaza utepe wa mpira wenye lami, ili chuma na alumini visigusane kamwe. Kitu cha shilingi chache, na kikishafunikwa hakuna atakayekiona. Nilimuuliza mbona kwanza anaufuta kwa kitambaa. Hakunijibu. Sakafu ni plaiwudi ya baharini, kingo zake zimenyweshwa rangi ya mafuta mara tatu. Hayo yalikwenda haraka.

Ribiti ndizo zilizochelewa. Ribiti ya kweli, isiyokuwa na tundu katikati, yataka watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo. Mwingine yuko ndani, amekandamiza bonge la chuma kwenye mkia wa ribiti, ili kila pigo la nje liuvimbishe mkia huo kwa ndani. Mwanafunzi wa fundi aliumwa, wala dada hakungoja niombwe. Nikaingia ndani ya bodi na lile bonge la chuma. Mchana wa Changamwe, ndani ya alumini. Humwoni mwenzako. Unasikia tu, na kifuani unahisi, pigo linakujia kupitia bati unene wa ukucha. Tulipatana ishara: akimaliza hugonga mara moja kando, nami hupapasa mkia kwa kidole, ukiwa umevimba sawasawa hujibu mara mbili, haujatosha hujibu mara moja. Nikilegeza mkono, bati hubonyea na ribiti hulazimika kutobolewa upya. Ribiti kumi na nne za kwanza niliharibu tano. Kufikia alasiri nilikuwa nikijua kabla ya kupapasa. Sijawahi katika maisha yangu ya kufundisha kuwa na mazungumzo marefu kiasi kile na mtu nisiyemwona, tusitamke neno, na kila jibu likawa ama kweli ama si kweli.

Hesabu haikubali. Kwa fedha alizokwisha kuzitoa, dada angepata kontena dogo lililokatwa dirisha tayari, na hadi sasa angekuwa anauza. Nilimwambia hivyo wiki iliyopita tukingoja feri. Akasema anajua, alikwenda kuuliza bei ya kontena siku ya pili tu baada ya kuiona ile bisibisi. Nikamuuliza kwa nini basi. Akasema kontena haliendi popote, na alipokwisha kuona chini ya sakafu hakuweza tena kulirudisha trela chini ya mwembe.

Trela bado liko Changamwe. Magurudumu yamefungwa, bodi imekalia chasisi yake, dirisha la kuuzia limekatwa pale fundi alipopachora. Mlango haujapatikana. Rangi dada anataka ya buluu, na mimi sikubisha. Fundi bado anadai elfu kumi na nane, na amesema Jumamosi hii nije na shati la kazi.